Mzazi ajue mapema: namna ya kumpa mzazi habari za masomo, darasa la nne hadi la saba

Mwezi wa Desemba, korosho za mwisho zikiwa zinapelekwa ghalani, watoto wanarudi nyumbani na karatasi ya ripoti. Mzazi anaifungua: nafasi ya 41 kati ya 86, daraja C, maoni ya mwalimu, "aongeze bidii". Bidii ya nini? Mwaka umekwisha, shule imefungwa, mwalimu amesafiri. Habari imefika siku ambayo haimsaidii mtu tena.

Nafundisha darasa la tano katika shule ya kijiji huku juu Newala, mkoani Mtwara. Kabla ya hapo nilikuwa pwani ya Kilwa, darasa la nne na la sita. "Aongeze bidii" nimeiandika mara nyingi mno, mpaka mzazi mmoja aliponijia ofisini na kuniuliza, kwa heshima kabisa, nimweleze mwanawe akiamka kesho asubuhi aanze kufanya nini. Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo, na nayaandika kwa mwalimu wa darasa mwenye watoto themanini na hana muda wa ziada.

Madarasa ya juu yana shida yake. Mtoto wa darasa la kwanza akisoma "ba be bi", mama anasikia kwa masikio yake kama anajua au hajui. Akifika la nne zinaingia sehemu, desimali, ufahamu wa habari ndefu, sentensi za Kiingereza. Mzazi aliyeishia la saba zamani, au ambaye hakusoma kabisa, anarudi nyuma. Anasema "mimi huko sikufika", na kuanzia hapo anachangia sare na daftari tu. Kazi yetu ni kumrudisha ndani, na anarudi ukimpa kitu anachoweza kukishika.

Hatua ya kwanza: jua unazungumza na nani

Wiki mbili za kwanza za Januari, chukua daftari la kwaya mbili, kila mtoto mpe ukurasa wake. Usinakili jina la mzazi kutoka rejista ya shule ukaridhika. Muite mtoto mmoja mmoja, muulize maswali matatu: Unalala kwa nani? Nani anakuuliza umesoma nini leo? Nani nyumbani ana simu inayopatikana?

Swali la pili ndilo lenye thamani. Huku kwetu baba yupo kwenye rejista, lakini mtoto analelewa na bibi kwa sababu wazazi wako Dar es Salaam, au wamehamia shambani msimu wote. Na kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ni mtu mkubwa. Nilikuwa na kijana mtoro, nikamwandikia baba yake barua mbili bila jibu lolote. Nikaja kuambiwa na mjumbe wa kamati ya shule, "Mwalimu, muite mjomba." Mjomba alikuja siku ya pili, wakakaa chini ya mwembe na yule kijana, na Jumatatu alikuwa darasani. Tangu hapo katika kila ukurasa naandika na jina la mjomba.

Andika pia lugha. Kama mlezi anaongea Kimakonde zaidi kuliko Kiswahili, jua mapema nani atakutafsiria. Asiwe mtoto mwenyewe, hasa kwa habari nzito, kwa sababu hata mtoto mwema atatafsiri kwa namna ya kujiokoa.

Hatua ya pili: fuata kalenda ya watu, siyo ya ukutani peke yake

Ukiita kikao kwa tarehe iliyokupendeza wewe, watakuja wazazi kumi na wawili, kisha utasema wazazi wa huku hawana mwamko. Wengi wanao, ila siku uliyochagua wako kazini.

Januari hadi Machi watu wako kwenye palizi. Kuanzia Juni ni kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi ya alfajiri, na upande wa Lindi ufuta unavunwa kati ya Mei na Julai. Likizo ya Juni familia nyingi zinacheza jando na unyago. Oktoba korosho zinaanguka na minada inafunguliwa, na hapo mtoto wa darasa la tano ni mikono miwili ya kuokota. Bahati mbaya, ndiyo miezi ambayo darasa la nne wanaingia kwenye Upimaji wa Taifa. Kwa hiyo la muhimu lolote lisemwe kabla ya Septemba kwisha. Ukingoja Novemba umechelewa.

Pwani angalia maji. Nikiwa Kilwa niliita kikao saa nne asubuhi siku ya bamvua, na kina mama wote walikuwa mwambani wanatafuta pweza, kwa sababu maji hukupwa sana saa hizo. Niliongea na viti. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, walikuja hadi tukakosa pa kukaa. Muulize mvuvi yeyote, atakutajia siku hizo bila kufungua kitabu. Epuka Ijumaa mchana, na Ramadhani fanya asubuhi, kwa ufupi.

Hatua ya tatu: sentensi tatu kwa kila mtoto

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapoomba ukae zaidi.

Usianzishe daftari jipya la mawasiliano. Mzazi ataona ni mchango mwingine umeingia kwa mlango wa nyuma, na tangu 2016 anajua elimumsingi haina ada. Tumia ukurasa wa mwisho wa daftari la Hisabati au la Kiswahili, geuza daftari juu chini, anza hapo. Kila siku andika kwa watoto wanne tu. Ukiwa na watoto 86, baada ya siku 22 za shule umewamaliza wote, yaani kama mwezi mmoja. Kila mzazi anapata neno lako mara nane au tisa kwa mwaka badala ya mara mbili. Mimi naandika wanapofanya zoezi la mwisho kabla ya kengele ya kutoka, na inanichukua dakika kumi.

Sentensi ya kwanza: anachoweza sasa. Ya pili: anapokwama. Ya tatu: kitu kimoja cha kufanya nyumbani, kisichohitaji fedha wala mzazi aliyesoma.

Mfano mbaya, ambao niliuandika mwenyewe miaka iliyopita: "Mwanao ni mzito katika Hisabati, msaidie." Mzazi asaidie nini hapo? Na lile neno "mzito" mtoto atalibeba miaka.

Mfano ninaoandika siku hizi: "Anazidisha vizuri hadi jedwali la 6. La 7 na la 8 bado anahesabu kwa vidole. Jioni mnapobangua karanga, muulize saba mara nne, saba mara tano, mpaka ajibu bila kufikiri."

Mwingine, wa Kiswahili: "Anasoma habari nzima bila kukwama. Akiulizwa 'kwa nini' anarudia maneno ya kitabu tu. Taarifa ya habari ya redio ikiisha, mwombe akueleze kwa maneno yake kilichosemwa na sababu yake."

Wa Kiingereza: "Anajua majina ya vitu. Kuunda sentensi bado. Kila siku akuambie sentensi moja ya Kiingereza na maana yake kwa Kiswahili, hata kama wewe hukijui."

Angalia: hakuna hata moja inayomtaka mzazi awe mwalimu. Zote zinamtaka aulize na asikilize. Kuuliza na kusikiliza bibi wa miaka sabini anaweza, na mara nyingi ana subira kuliko sisi.

Andika kwa herufi za kusomeka na kwa maneno ya nyumbani. Maneno ya mtaala kama "umahiri mahususi" yabaki kwenye azimio la kazi.

Hatua ya nne: mzazi asiyesoma

Mtoto ndiye atakayemsomea. Mwambie mtoto darasani, mbele yako, asome zile sentensi tatu kwa sauti mara mbili kabla hajaondoka. Hilo peke yake ni somo la kusoma, na litamwonyesha mwenyewe anapokwama. Nyumbani atazisoma tena, na mlezi aweke alama yoyote: saini, msalaba, dole gumba lililochovywa kwenye mkaa. Nimewahi kupokea ukurasa wenye dole gumba jekundu la udongo wa shambani, na nikafurahi kuliko saini ya wino.

Kesho yake usikague alama tu. Muulize mtoto, "Bibi alisema nini?" Kama amesoma kweli, atakuwa na jibu. Kama ameweka dole lake mwenyewe ataangalia chini. Usimgombeze. Mara nyingi anaogopa kwamba habari itamletea fimbo, na hapo umejua jambo ambalo rejista haisemi.

Hatua ya tano: kikao cha madaftari

Kikao cha wazazi wote cha shule kina kazi zake: chakula cha mchana, madawati, choo. Masomo humezwa humo. Mwombe mwalimu mkuu kikao cha darasa lako peke yake, mara mbili kwa mwaka. Mimi nafanya mwishoni mwa Machi palizi ikilegea, na mwanzoni mwa Septemba kabla ya korosho. Kama shule ina Umoja wa Wazazi na Walimu, wajumbe wa darasa lako ndio wapitishe habari mitaani. Mwenyekiti wa kitongoji akitangaza na yeye, utaona tofauti.

Weka madaftari ya kila mtoto kwenye dawati lake. Mzazi akifika akae pale mwanawe anapokaa. Usisome nafasi hadharani hata siku moja. Katika shule moja niliyofundisha tulisoma orodha kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Baba wa mtoto wa mwisho alinyanyuka kimya akatoka, na yule mtoto hakurudi darasani muhula ule. Mpaka leo najiuliza tulidhani tunamsaidia nani.

Zungumza na wote dakika ishirini: mwezi huu tumesoma nini, mwezi ujao tunaingia wapi. Kisha zunguka dawati kwa dawati, dakika mbili mbili, ukifungua ukurasa mmoja tu wa daftari.

Nitaeleza mmoja. Bibi anauza mafuta ya kula kwa kipimo gengeni, mjukuu wake yuko la tano. Nilifungua ukurasa wa sehemu zenye asili tofauti. Mtoto ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kosa la nusu ya darasa. Bibi hasomi. Nikamwambia, "Bibi, mteja ana nusu lita ya mafuta. Ukimwongezea kidogo, atabaki na pungufu ya nusu?" Akanitazama kama nimepungukiwa. "Mwalimu, hapo mtu kaibiwa." Nikamwonyesha: mjukuu ameanza na nusu, ameongeza theluthi, amepata 2/5, na hiyo haifiki nusu. Bibi akashika daftari, akalitazama muda mrefu.

Wiki iliyofuata mtoto alikuwa anafuta jibu kabla sijafika kwake. Nikamuuliza kwa nini. "Bibi kila siku ananiuliza, imezidi nusu au imepungua?" Lile ndilo swali la kukadiria jibu ambalo nilikuwa nalifundisha ubaoni tangu Februari bila kueleweka. Bibi muuza genge alilifikisha kwa kipimo cha mafuta.

Kwa hiyo unapoandaa kikao, kwa kila mada kubwa tafuta mfano wake kazini kwa wazazi wako. Asilimia: makato ya chama cha msingi cha ushirika kwenye kilo ya korosho, kila mkulima anayajua na ana maoni nayo. Desimali: mizani ya mnada. Eneo: hatua za shamba na nafasi kati ya mkorosho na mkorosho. Sayansi, hali za maada: chumvi inavyobaki maji yanapokauka kwenye majaruba ya pwani.

Jibu pia wanachouliza sasa hivi. Wengi wamechanganyikiwa na mtaala mpya. Waeleze wazi: mtaala ulianza Januari 2024, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa la nne wanaendelea na utaratibu wa zamani hadi la saba, nao wanamaliza 2027 hiyo hiyo. Nyumba yenye watoto wawili waliofuatana itakuwa na wahitimu wawili mwaka mmoja, na mzazi anahitaji kuanza kujiandaa leo.

Hatua ya sita: simu

Wazazi wengi wa darasa langu wana kitochi, simu ndogo ya vitufe. Ujumbe mfupi wa kawaida unatosha, na una nafasi ya herufi 160, ambayo ni shule nzuri ya kuandika kwa ufupi: "Shikamoo baba. Mwanao leo amesoma aya nzima bila kukwama. Jedwali la 7 bado. Muulize mnapokula. Mwalimu wa darasa la 5." Tuma jioni baada ya Magharibi, watu wakiwa wamerudi na simu imechajiwa.

Tuma habari njema kwanza. Mzazi ambaye namba ya mwalimu humpigia kwa mabaya tu, ataacha kupokea. Mwezi wa kwanza nisingetuma baya lolote isipokuwa la hatari.

Grupu la WhatsApp nalo lina faida kwa wazazi walioko Mtwara mjini au Dar es Salaam walioacha watoto kwa bibi. Piga picha ya ubao wa leo, tuma. Sema kwa sauti kazi ya nyumbani kwa wasiopenda kusoma maandishi marefu. Lakini matokeo ya mtoto yasiwekwe kwenye grupu, wala picha ya orodha ya alama, wala picha ya daftari yenye jina. Hayo ni ya mzazi mmoja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto aliyepata 6 kati ya 50 hastahili kusomwa na kijiji kizima. Na kumbuka, mwenye bando ni wachache. Habari iliyopita kwenye grupu tu haijafika.

Hatua ya saba: habari nzito

Mtoto anafika la tano hajui kusoma. Ipo, tusifichane. Au binti amebadilika ghafla tangu arudi kutoka unyagoni, anajiona amekuwa mtu mzima, vitabu havimvutii. Habari hizi haziandikwi nyuma ya daftari. Nenda nyumbani, au muite mlezi peke yake, na mtoto asiwe katikati yenu kama mtuhumiwa.

Piga hodi, kaa unapokaribishwa, kubali maji au kikombe cha uji. Salamu ziende mpaka ziishe. Kisha sema ulichokiona kwa macho yako, siyo hukumu: "Nilimpa aya ya mistari minne, akasoma maneno sita." Halafu sema utakachofanya wewe kwanza: "Kila Jumanne na Alhamisi nabaki naye nusu saa." Ndipo uombe la upande wao: asitumwe gengeni siku hizo mbili. Mzazi akisikia mwalimu ameanza kujitolea, hajitetei.

Kuhusu unyago na jando, ongea na wazee na makungwi mapema, Mei, kabla ya likizo. Waombe watoto warudi siku shule inapofunguliwa, na wawaambie wenyewe kwamba mtu mzima anasoma. Neno hilo likitoka kwa kungwi lina uzito kuliko langu.

Hatua ya nane: ripoti yenyewe

Ukizifuata hatua zilizotangulia, ripoti ya Juni na ya Desemba haitamshtua mtu. Ila ieleze. Katika alama za 50, C inaanzia 21 hadi 30. Mtoto mwenye 21 na mwenye 30 wote ni C, mmoja yuko ukingoni mwa D na mwingine amekaribia B. Mzazi anaona herufi ileile na kutulia. Andika namba pembeni, na mshale: imepanda au imeshuka tangu mara iliyopita. Mshale huo hata asiyesoma anauelewa.

Penye "maoni ya mwalimu wa darasa", andika sentensi zilezile tatu. Za Juni zihusu likizo. Za Desemba zimhusu mwalimu ajaye pia.

Kisha, shule inapofungwa, lile daftari la kwaya mbili lenye majina ya bibi, mjomba, lugha, simu na dole gumba jekundu usiondoke nalo wala usilitupe. Mkabidhi mwalimu atakayelipokea darasa Januari, mkono kwa mkono, mkae saa moja mpitie ukurasa kwa ukurasa, na umwambie mlezi gani anaanza na salamu ndefu, na nyumba gani hodi inapigwa mlango wa uani.